Namba Yako kwenye Orodha: Jinsi ya Kuisoma Ngazi ya Mishahara Kabla ya Kuunda Chama

Nina miaka 19 ndani ya kabini za ndege, katika mashirika mawili, na minane kati ya hiyo nimekuwa mwakilishi wa wahudumu wenzangu kwenye chama. Vijana wapya hunijia na swali moja: "Dada, chama kinatusaidia nini hasa?" Siku hizi silijibu. Namwambia, mdogo wangu, kalete hati yako ya mshahara, rosta ya mwezi uliopita na kalamu, halafu tukae. Haya ninayoandika ndiyo huwa tunayafanya tukishakaa.

Anza na daftari

Kwa siku thelathini, kila siku ya kazi, andika nyakati nne: uliporipoti, ndege ilipoondoka kwenye maegesho, iliposimama tena mwisho wa safari, na saa uliyoachiwa uende zako. Usiandike kwa kukumbuka jioni. Mimi niliandika nyuma ya kadi za milo kwa sababu ndizo zilizokuwa karibu.

Siku yangu moja ilikuwa hivi. Niliripoti saa kumi na moja alfajiri. Tulikuwa na safari nne fupi, kila moja saa moja na dakika kumi tangu kuondoka kwenye maegesho hadi kusimama. Kabla ya safari ya kwanza tulitumia saa moja na robo kwa kikao cha wafanyakazi wa ndege, kukagua vifaa vya dharura na kupokea abiria. Kati ya safari tulikaa chini dakika hamsini mara tatu, tukishusha watu, tukikagua viti na kupandisha wengine. Mwisho kulikuwa na nusu saa ya kushusha abiria, kuandika ripoti na kukabidhi. Jumla ni saa nane na dakika hamsini na tano. Zilizolipwa kwa kiwango cha saa zilikuwa nne na dakika arobaini.

Ukiwa mgeni utadhani wahasibu wamekosea. Hawajakosea, ndivyo sehemu kubwa ya sekta hii ilivyopangwa: saa ya malipo huanza ndege inapoanza kusogea. Mzee aliyebeba mkoba mzito na mama mwenye mapacha watakutana nawe mlangoni kabla saa hiyo haijaanza. Posho ya safari hufunika kidogo ya muda huo, lakini posho si mshahara. Mara nyingi haiingii kwenye pensheni, na ukiugua haikufuati kitandani.

Hesabu ya namna hiyo ndiyo iliyowafanya zaidi ya wahudumu 10,000 wa Air Canada wagome Agosti 2025. Serikali iliingilia ndani ya saa chache na amri ikatoka warudi, wakakataa, na siku chache baadaye makubaliano yakawa na malipo ya kazi ya ardhini. Yalianza na nusu ya kiwango cha saa. Shirika la Delta la Marekani lilianza kulipa muda wa kupandisha abiria mwaka 2022, nayo kwa nusu ya kiwango, na wahudumu wa Delta hawana chama. Meneja atakutajia mfano huo akitaka kuthibitisha kwamba chama hakihitajiki. Mwulize kama anakumbuka kwamba wakati huohuo watu walikuwa wakikusanya saini za kuunda chama palepale.

Sasa ngazi yenyewe

Tafuta jedwali la mishahara. Kama hakuna anayekuonyesha, hilo peke yake ni jibu, liandike kwenye daftari. Likipatikana, kwanza hesabu vidato, yaani hatua za mshahara unazopanda kadiri miaka ya kazi inavyoongezeka: ni miaka mingapi tangu kidato cha chini hadi cha juu kabisa?

Watu hutazama kilele. Wanaona mkongwe analipwa mara mbili yao, wanajiambia "na mimi nitafika," na mazungumzo yanaishia hapo. Lakini urefu wa ngazi una uzito kuliko kilele chake. Chukua mshahara wa mwaka wa kwanza uwe 100. Ngazi ya kwanza ina vidato 12, kila mwaka unaongezewa 10 hadi unafika 210. Ngazi ya pili ina vidato sita tu, unaongezewa 22 kila mwaka, nayo inafika 210. Kilele ni kilekile. Kwa miaka 12, wa ngazi ndefu atakuwa amepokea 1,860. Wa ngazi fupi atakuwa amepokea 2,190. Tofauti ni 330, mara tatu na zaidi ya mshahara wako wote wa mwaka wa kwanza. Fedha hiyo hairudi baadaye. Na mtu akiacha kazi mwaka wa tano, akiwa kwenye ngazi ndefu ameondoka bila kuonja chochote cha juu. Shirika lenye watu wengi wanaoacha mapema linafaidika na ngazi ndefu hata kama kilele chake kinapendeza kwenye tangazo la ajira.

Swali linalofuata: ni tarehe ipi inayokupandisha kidato? Kuna tarehe ya kuanza mafunzo, tarehe ya kuhitimu, na tarehe ya safari yako ya kwanza kama mhudumu kamili. Kwangu zilipishana kwa wiki tisa. Wiki tisa si kitu, mpaka iwe zamu yako ya kupunguzwa kazi.

Halafu uliza saa yako ya ukongwe inasimama lini, yaani hesabu ya miaka yako ya utumishi inayokupa namba kwenye orodha ya nani aliingia kwanza. Likizo ya uzazi je? Ugonjwa mrefu? Likizo bila malipo? Kuhamia ofisini kwa muda? Hapa ndipo haki huvuja, na huvuja zaidi kwa wanawake. Huko Marekani wahudumu wengi wa kike walilazimishwa kuacha kazi wakiolewa, hadi mwishoni mwa miaka ya 1960. Carolyn Evans aliondolewa kwenye shirika la ndege la United mwaka 1968 kwa sababu hiyo, akaajiriwa tena 1972 kama mtu mpya. Aliomba miaka yake ya mwanzo ihesabiwe. Mwaka 1977 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilimkatalia kwa sababu hakuwa amelalamika ndani ya muda uliowekwa na sheria. Orodha ikaendelea kumhesabia kama mgeni, na kanuni yenyewe ilionekana haina upendeleo: aliyeanza kwanza yuko juu.

Ulaya nako swali hilo lilifika kwa njia nyingine. Mwaka 2006, katika kesi ya Bernadette Cadman wa Uingereza, ambaye hakuwa mtu wa ndege, Mahakama ya Haki ya Ulaya ilisema mwajiri kwa kawaida anaruhusiwa kulipa kwa kufuata miaka ya utumishi, kwa kuwa uzoefu humfanya mtu aifanye kazi vizuri zaidi. Ila mfanyakazi akileta ushahidi unaotia shaka nzito kuhusu kazi fulani, mwajiri atalazimika kujieleza. Mimi nauchukua uamuzi huo kama swali la kupeleka mezani: mhudumu wa mwaka wa sita na wa mwaka wa kumi na mbili, wote wanafungua mlango uleule wakati wa moto. Kwa nini ngazi inaendelea baada ya mwaka wa sita?

Kwa nini basi tuwe na orodha

Usije ukadhani naipinga. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kwenye shirika ambalo rosta ilipangwa na mtu mmoja. Sikukuu alizipata aliyemletea manukato. Mwenzetu mmoja aliyewahi kumjibu vibaya alipangiwa safari za alfajiri miezi minne mfululizo, na hakuna karatasi yoyote aliyoweza kuonyesha kwamba ameonewa. Orodha ya ukongwe ina ubaya wake, lakini haili rushwa. Unajua namba yako, unajua ya aliye juu yako, na rosta ikitoka unaweza kuikagua mwenyewe. Marubani wa Marekani waliounda chama chao mwaka 1931 chini ya David Behncke, na wahudumu wa United waliofuata mwaka 1945 wakiongozwa na Ada Brown, walikuwa wanatafuta kitu cha namna hiyo: kanuni ambayo bosi hawezi kuipindisha kwa sababu leo ameamka vibaya.

Kwa hiyo tenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Ukongwe wa kuchagua (ratiba, likizo, kituo, nani abaki kazi zikipungua) ni jambo moja. Ukongwe wa malipo ni jingine. La kwanza nitalipigania hadi nistaafu. La pili nalitaka liwe fupi.

Ukiipata orodha, kagua namba yako siku hiyohiyo. Mwisho wa orodha nyingi kuna muda wa kupinga makosa, ukipita umekubali. Angalia pia mnatenganishwaje mlioanza siku moja. Darasa letu lilikuwa na watu 14, tukapangwa kwa tarehe ya kuzaliwa, mkubwa kwanza. Mimi nilikuwa mdogo wa wote, nikawa wa kumi na nne. Rafiki yangu wa dawati moja anapata Desemba ya nyumbani, mimi napata Februari. Bado tunataniana kuhusu hilo, ingawa yeye hucheka zaidi.

Na orodha haihami. Nilipoondoka shirika la kwanza baada ya miaka sita nilidhani cheti changu na mapendekezo vitanipa angalau kidato cha tatu. Nilianza cha kwanza, nikakaa kwenye zamu za kusubiri nikiwa na sare imening'inia mlangoni, huku wasichana niliowazidi umri kwa miaka kumi wakichagua safari kabla yangu. Ukongwe ni deni ambalo unalidai shirika moja tu, nalo pekee ndilo litakalokulipa, ndiyo maana wanaweza kukunyima nyongeza wakijua huna pa kwenda. Ukitaka kuhama, hama mapema.

Kitu pekee kinachoweza kuivuruga orodha bila wewe kuhama ni mashirika kuungana. Shirika la Marekani la American Airlines liliponunua jingine, TWA, mwaka 2001, wahudumu wa TWA waliwekwa chini kabisa ya orodha, hata waliokuwa na miongo angani. Kufikia katikati ya mwaka 2003, kazi zilipopungua, wote walikuwa wamesimamishwa. Mwaka 2007 Marekani ikatunga sheria inayotaka orodha ziunganishwe kwa haki, na mkishindwa kukubaliana aitwe mwamuzi. Kama nchi yako haina sheria ya namna hiyo, kifungu hicho kiandikeni wenyewe kwenye mkataba wakati mambo yametulia.

Kosa nililolifanya mimi

Mwaka wangu wa tisa, mwajiri alileta pendekezo. Sisi tuliokuwepo tungepata nyongeza nzuri mara moja. Watakaoajiriwa baada ya tarehe fulani wangeingia kwenye ngazi yao, wakianzia chini zaidi na yenye vidato vingi zaidi. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyepoteza senti. Waliopoteza hawakuwepo chumbani, walikuwa bado shuleni.

Nilipiga kura ya ndiyo. Nilikuwa na mtoto mdogo na nilikuwa nimechoka.

Miaka mitano baadaye nilifanya safari na binti aliyekuwa anasimamia mlango wa nyuma. Tulikuwa na mgonjwa wa moyo. Yeye ndiye aliyembana kifua na kumrudisha, mimi nilishika chupa ya oksijeni. Tulipofika hotelini aliniuliza kwa upole kabisa, "Dada, ni kweli nyinyi ndio mliosaini ile ngazi yetu?" Sikuwa na jibu zuri.

Hesabu ya mwajiri ilikuwa rahisi, na haikuwa mpya. American ilianza ngazi mbili za namna hiyo mwaka 1983, na marubani wapya walianza kwa karibu nusu ya waliowatangulia. Mashirika mengine yakaiga. Kinachotokea ni kwamba kila mwaka wa chini wanaongezeka na wa juu wanastaafu. Mwajiri anaanza kuona kila mkongwe kama gharama ya ziada. Na ikifika siku ya kupiga kura ya mgomo, mwenye ngazi ya chini anakuuliza kwa nini akose mshahara kwa ajili ya pensheni yako. Kwetu ilitokea hivyohivyo: kura ya kwanza ya mgomo iliangushwa na vijana, na walikuwa na haki. Ilibidi tukae mezani miaka mitatu zaidi kuziunganisha ngazi hizo, na sisi wa juu tukakubali nyongeza ndogo ili wa chini wapande haraka.

Basi likija pendekezo linalotaja tarehe ya kuajiriwa, soma upande wa wasiokuwepo kwanza.

Kukusanya watu

Sasa una daftari, jedwali na namba. Usianze na mkutano. Mkutano wa kwanza huwavuta wenye hasira na wambeya, na mbeya mmoja anatosha. Anza na mtu mmoja kwa wakati mmoja, nje ya kazi, na umsikilize zaidi ya unavyozungumza. Mwulize ni kitu gani angekibadilisha kesho kama angepewa uwezo. Andika jibu lake. Ukifika watu ishirini utaona jambo moja linajirudia, na mara nyingi siyo lile ulilolidhania. Kwetu nilidhani ni mshahara. Ilikuwa kubadilishiwa rosta usiku wa manane.

Chora ramani: vituo vyote, aina za ndege, wakongwe na wapya, wa mikataba ya kudumu na wale walioletwa na wakala. Hao wa wakala msiwaache, maana siku ya mgomo ndio watakaopangiwa safari zenu. Kila kona ya ramani iwe na mtu mmoja anayeaminika na wenzake. Huyo siyo lazima awe msemaji mkubwa. Mtafute yule ambaye wengine humpigia simu wakiwa na tatizo.

Msitumie barua pepe ya kazini, wala kundi la WhatsApp lenye msimamizi ndani yake. Msizungumzie mambo haya mbele ya abiria. Msikusanye saini wakati wa kazi kama sheria ya kwenu inakataza, maana mtampa mwajiri sababu aliyokuwa anaitafuta.

Sheria inatofautiana nchi na nchi, kwa hiyo kabla ya saini ya kwanza tafuteni mwanasheria wa kazi au chama cha usafirishaji kilichopo. Vingi vimo ndani ya shirikisho la kimataifa la wafanyakazi wa usafirishaji, ITF, lililoanzishwa mwaka 1896. Uliza mambo mawili: ni asilimia ngapi inatakiwa ili mwajiri awatambue, na nani anahesabiwa. La pili ndilo linaloangusha watu. Marekani, ambako mashirika ya ndege yaliingizwa mwaka 1936 chini ya sheria iliyotungwa kwa ajili ya reli, hadi mwaka 2010 mfanyakazi ambaye hakupiga kura alihesabiwa amekataa chama. Aliyelala, aliyesafiri na aliyekufa moyo wote walikuwa kura za mwajiri. Haki yenyewe ya kujiunga na kujadiliana imo kwenye mikataba ya Shirika la Kazi Duniani, namba 87 ya mwaka 1948 na namba 98 ya mwaka 1949. Angalia kama nchi yako imeiridhia, na uitaje kwenye barua yenu ya kwanza.

Mwajiri ataanza upole. Chakula cha bure, kikao cha "familia," nyongeza ndogo ya ghafla. Chukueni nyongeza, endeleeni na saini. Kisha huja barua kwamba chama kitafukuza biashara. Ryanair, shirika la ndege la Ireland, ilikataa vyama kwa miongo mitatu, na Desemba 2017, marubani walipotishia kugoma kabla ya Krismasi, ikavikubali ndani ya siku chache. Iliendelea kuruka.

Mkifika mezani

Msipeleke orodha ya madai arobaini. Sisi tulipeleka matano: kulipwa tangu kuripoti, vidato visizidi saba, ngazi moja kwa wote, saa ya ukongwe isisimame wakati wa uzazi na ugonjwa, na orodha kulindwa mashirika yakiungana. Tuliambatanisha daftari za wahudumu 63, majina yamefichwa. Mkurugenzi wa fedha alizisoma kwa muda mrefu kuliko hotuba yangu.

Kila mara mwajiri akitaja asilimia, mwulize, asilimia ya nini? Asilimia kumi kwa aliye kileleni na kumi kwa aliye kidato cha kwanza zinapanua pengo. Air Canada ilitoa mwaka wa kwanza asilimia 12 kwa wenye miaka mitano au pungufu na asilimia 8 kwa waliozidi, ikiwa angalau imegeukia upande wa chini. Hata hivyo wahudumu waliikataa sehemu hiyo ya mshahara kwa zaidi ya asilimia 99. Kiwango cha kuanzia kikiwa kidogo mno, asilimia nzuri huzaa fedha kidogo.

Mkiweka saini, kazi yako binafsi haijaisha. Hati ya kwanza ya mshahara baada ya mkataba ishike mkononi pamoja na jedwali jipya, utazame kidato, tarehe na saa za ardhini. Mimi nilikuta kidato changu hakijasogea: miezi mitano ya likizo yangu ya uzazi ilikuwa bado imekatwa, ingawa kifungu kilikuwa kimebadilika. Ilichukua barua mbili na nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mwanangu. Barua ya kwanza niliipeleka siku ya nane. Mkataba wetu uliruhusu siku kumi.